Uzi: Siku mbili kwenye maporomoko ya maji ya Sipi na mama mwenye goti bovu (Mlima Elgon, upande wa Kapchorwa, Uganda)

BintiNamakwekwe
Jumapili, saa 2:15 usiku

Wana jukwaa, hamjambo.

Nimezaliwa Namakwekwe, Mbale mjini. Utotoni kila nikitoka nje kupiga mswaki naiona Wanale imesimama pale juu ya mji, na mvua ikinyesha usiku basi asubuhi kuna maji yananing'inia kwenye jabali kama nyuzi nyeupe. Wanale ni ukingo tu wa Mlima Elgon, ambao Wagisu wanauita Masaba kwa jina la babu yao. Kwetu mlima ulikuwa kama jirani tajiri: unamwona kila siku, ndani kwake huingii. Nikaolewa Kampala, nikafika Mombasa, nikafika Kigali. Sipi, mwendo wa saa moja na kitu kutoka nyumbani kwa mama, sijafika. Nina miaka 36.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimu mama, akaniambia, "Mwanangu, goti hili likikataa kabisa nitakufa Sipi nimeiona kwenye kalenda tu." Kalenda yenyewe ni ya duka la vifaa vya ujenzi, ya mwaka 2011, bado iko ukutani. Basi Jumamosi iliyofuata asubuhi tukaondoka.

Naandika kirefu kwa sababu nilipotafuta habari kwa Kiswahili sikupata cha maana. Nyingi ni za vijana wanaokwenda kushuka jabali kwa kamba. Mtu mwenye mama wa miaka 67 afanyeje?

Usafiri: steji ya Kapchorwa pale Mbale kuna taksi, na kuna gari ndogo ambazo mbele wanapakia wawili na nyuma wanne. Kwa ajili ya goti nililipia viti viwili vya mbele, mama akanyoosha mguu. Hadi Sironko ni tambarare, mpunga na mahindi. Halafu barabara ya Moroto inanyooka zake kuelekea Karamoja, yetu ikakata kulia ikaanza kupanda. Lami nzuri, kona kwa kona, masikio yakaziba. Mama alikuwa akisoma dua kila tukikutana na lori la kabichi linashuka. Nilipogeuka nyuma niliona bonde lote limetandazwa chini, kule mbali sana maji yanang'aa, dereva akasema ni upande wa Ziwa Kyoga.

Tuliposhuka Sipi wakaja vijana watatu. Mmoja akasema, "Mama, mimi ni gaidi hapa, nitawatembeza vizuri." Mama akanishika mkono. "Gaidi?" Ikabidi nimweleze kwamba huku mwongozaji wa wageni wanamwita hivyo, neno wamelitoa kwa Wazungu likaangukia pabaya. Mama akamtazama yule kijana kuanzia kofia hadi gambuti, akasema, "Basi wewe ni gaidi mpole. Twende."

Kilichonifanya nimkubali mimi ni kitu kimoja. Wale wawili walianza na bei. Huyu aliuliza kwanza, "Mama, goti ni la kulia au la kushoto?" Akaingia kichakani akarudi na fimbo aliyoipima kwa urefu wa kiuno cha mama.

Naendelea hapo chini, watoto wanalia.

DerevaWaMalaba
Jumapili, saa 2:41 usiku

Dada, endelea lakini nikutahadharishe. Mimi 2019 nilipita huko na wenzangu wawili, mizigo imekwama mpakani, tukasema tupoteze siku. Tulizungukwa na vijana wa kutembeza wageni kama nyuki. Tukakataa, tukasema njia tunaiona, maji tunayasikia, tutashindwaje kufika? Tukaenda wenyewe. Shamba la kwanza mzee anadai pesa. Mbele kidogo mama anadai pesa. Chini kabisa kijana ana daftari, anadai pesa. Maji ya Mungu nayalipia mara tatu? Tangu siku hiyo nikiona picha ya Sipi natema mate.

BintiNamakwekwe
Jumapili, saa 3:30 usiku

Kaka Dereva, usiteme kwanza, nitafika huko.

Sehemu ya pili. Mto ni mmoja, maporomoko ni matatu, yamepangana kama ngazi mlimani. Lile la chini ndilo kubwa, kama mita 100, ndilo la kwenye kalenda ya mama. Watu wenye magoti mazima huanzia juu wakashuka yote matatu, saa tatu au nne za kutembea, na mahali pengine unashuka kwa ngazi za miti. Kijana aliikata safari vipande. Siku ya kwanza mama aone lile kubwa kutoka ukingoni, ng'ambo ya bonde, bila kushuka hata hatua ishirini. Siku ya pili asubuhi, kabla jua halijakaza, twende la juu ambako njia ni ya mteremko mdogo.

Kwa hiyo mama alikaa kwenye jiwe ukingoni, na mimi kijana akanishusha hadi chini peke yangu. Ngazi zinateleza, udongo ni mwekundu na unang'ang'ania viatu. Chini pale huwezi kuongea. Maji yakifika yanakuwa si maji tena, ni moshi wa baridi, na unalowa ukiwa mbali. Nilipiga picha nne zote zina ukungu. Nikaangalia juu nikaona kitone cha rangi ya machungwa, ni mtandio wa mama, anapunga mkono. Alikuwa ananipigia kelele jambo fulani. Niliporudi juu nikihema kama mbuzi nikamuuliza alisema nini. "Nilisema toka hapo utapata mafua."

Lakini sikuja kuwaambia habari za maji. Maji utayaona dakika kumi yakaisha. Kilichochukua siku ni yale ya njiani, na hayo usingeyaona bila mtu wa pale. Kando ya mto kijana alisimama kwenye mmea unaofanana na mgomba, majani mapana ya kijani kibichi yenye mshipa wa rangi katikati. Nikadhani ni mgomba. Akasema ule ni sep, hauna ndizi ya kula, wazee wa Kisabiny, wenyeji wa pale, walitibu kwa majani yake homa na surua, na jina Sipi limetoka hapo. Mama, ambaye alitulea watano kwa mwarobaini na mchaichai, akataka kuondoka na jani. Akakatazwa kwa adabu.

Na kingine, lugha. Mimi nilijiandaa kutafsiriwa. Kumbe Wasabiny wengi Kiswahili chao ni kizuri kwa ajili ya ujirani na Kenya, ng'ombe na mahindi vinavuka mpaka wa Suam tangu zamani. Mama na kijana wakaongea njia nzima, mimi nyuma nabeba mkoba. Mama akamsimulia kwamba miaka ya 70 majirani zetu mjini wakisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya askari barabarani walikuwa wanatoa kitambulisho kabla hawajajua wanaulizwa nini, ilikuwa lugha ya bunduki. Na sisi watoto wa Namakwekwe tulikisema nyumbani na msikitini, mitaani tunanyamaza. Sikuwahi kuisikia habari hiyo kwake. Alimwambia mtoto wa watu.

Mama_wa_Watatu
Jumapili, saa 3:52 usiku

Dada hongera, lakini huogopi maporomoko?

DerevaWaMalaba
Jumapili, saa 3:55 usiku

Ya maji au ya udongo?

Mama_wa_Watatu
Jumapili, saa 3:58 usiku

Ya udongo, kaka. Mimi kwetu ni Bududa. Machi 2010 nilikuwa darasa la saba, kijiji cha Nametsi kilifunikwa, shule yetu ikageuka mahali pa kulala watu. Na Novemba 2024 ikawa Bulambuli, ambako dada amepita akienda Kapchorwa. Mkisema mandhari mimi naangalia ule mteremko umelimwa hadi juu na naona kitu kingine.

MwanaSebei
Jumapili, saa 4:20 usiku

Pole sana, dada yangu. Swali lako si la kupuuzwa.

Mimi ni mtu wa huko, niliongoza wageni Sipi miaka sita kabla sijahamia Kampala kwenye kazi ya kahawa. Udongo wa Elgon ni wa volkano ya zamani, una rutuba ndiyo maana watu wamejaa, na ukishiba maji ya siku nyingi juu ya mteremko mkali ambao miti yake imeondolewa, unakatika. Mgeni ana nafuu moja ambayo mkulima hana: anachagua mwezi. Desemba hadi Februari ndiyo kukavu zaidi. Kuanzia Aprili mvua zinakaa, na hazina haraka ya kuondoka. Ikiwa imenyesha siku tatu mfululizo mimi nilikuwa nawaambia wageni wakae kwenye baraza wanywe kahawa, tusishuke. Wengine walikasirika. Wakasirike.

Sasa ndugu Dereva. Uliyokutana nayo 2019 ni kweli na ni aibu yetu, ila nikueleze yanatoka wapi. Sipi haimo ndani ya hifadhi. Hifadhi ya taifa ya Elgon iko juu zaidi, huko unalipa Mamlaka ya Wanyamapori na unapewa askari. Maporomoko yako katikati ya mashamba ya watu. Ile unayoiita njia ni mpaka wa kahawa ya mzee mmoja na maharage ya mwingine. Ulipopita bila mwenyeji kila mwenye shamba alikuona wewe ni mteja wake peke yake. Mwongozaji akiwa mkweli anakusanya malipo ya malango hayo yote kwenye bei moja, na anawalipa wenye mashamba yeye mwenyewe. Swali la kuuliza kabla hujaanza kutembea ni moja: "Bei hiyo ina malango yote?" Akisita, chukua mwingine.

DerevaWaMalaba
Jumapili, saa 4:33 usiku

Sawa, mkuu. Sasa nimeelewa, ingawa yule wa daftari simsamehi.

MwanaSebei
Jumapili, saa 4:35 usiku

Yule wa daftari nadhani namjua. Hata sisi hatujamsamehe.

JiraniWaKitale
Jumatatu, saa 1:10 asubuhi

Nawasoma kutoka upande wa pili wa mlima. Msijisahau, Elgon ni wetu sote, ingawa nakubali kilele kikubwa, Wagagai, mita 4,321, kimeangukia kwenu. Sisi tuna pango la Kitum, tembo wanaingia usiku gizani kuchimba chumvi kwenye kuta kwa pembe. Swali: nikivuka Suam na pikipiki barabara ikoje sasa hadi Kapchorwa? Zamani ilikuwa adhabu.

MwanaSebei
Jumatatu, saa 1:25 asubuhi

Jirani, adhabu imeisha, ni lami. Kilomita 73 kutoka Kapchorwa mjini hadi Suam. Zamani mvua ikinyesha tulilala njiani na magunia. Ila ukiipenda sana hiyo lami utajikuta bondeni, kona ni zilezile.

BintiNamakwekwe
Jumatatu, saa 7:05 mchana

Naiba muda wa chakula kazini nimalizie.

Mama_wa_Watatu, asante na pole. Nilipopita Bulambuli nilikuwa naangalia simu. Nimesoma ujumbe wako mara mbili.

Kahawa. Mchana wa siku ya kwanza kijana alitupeleka kwa mama mmoja wa makamo, mjane, nyumba ya mabati, miti ya kahawa imechanganyika na migomba kwa ajili ya kivuli. Hii ni arabika, inataka baridi na mwinuko. Ile ya kwetu Buganda nyumbani kwa mume wangu ni robusta, inayokubali joto la nyanda za chini. Nilikuwa najua majina, tofauti sikuijua. Tulichuma nyekundu tu. Mama akachuma na za njano, akarudishiwa mkononi kama mtoto wa shule.

Kuna mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono, inamenya ganda jekundu, punje zinatoka zina utelezi. Zile huloweshwa zichachuke, huoshwa, huanikwa siku nyingi. Kwa kuwa sisi hatukuwa na siku nyingi, akatoa zilizokwisha kukauka. Kinu na mchi, ganda la pili likatoka. Ungo, akapepeta. Hapo mama yangu akasema, "Nipe," na mimi nikamwona mama niliyemjua nikiwa na miaka saba: ungo unarushwa, makapi yanaondoka yenyewe, hakuna punje inayoanguka. Mwenye nyumba akasimama kumtazama. Kisha chungu, moto wa kuni, kukoroga bila kupumzika hadi zinalia kama bisi na moshi wake unakuingia kwenye nguo. Zikatwangwa tena, zikachemshwa.

Tukapewa vikombe. Mama akaonja, akanyamaza, akafungua mkoba wake akatoa kipande cha tangawizi. Wallahi. Alisafiri na tangawizi. "Kahawa bila tangawizi ni maji ya moto yenye rangi," akasema, mbele ya mwenye kahawa. Nilitamani ardhi inimeze. Yule mama akacheka hadi akakaa chini, akaleta kinu. Tukanywa ya pili kwa mtindo wa Namakwekwe. Kijana akasema atawaongezea wageni wake. Sijui kama Mdachi atakubali.

Usiku ni baridi kweli, kijiji kiko kama mita 1,800. Chukueni sweta, na mzee achukuliwe soksi nzito. Chakula cha kawaida: viazi, matoke, mayai, maharage. Kuku sikumwagiza kwa sababu sikujua kachinjwa na nani, mama ana msimamo wake.

Saa kumi na mbili asubuhi nikasikia vishindo barabarani, pa pa pa. Nikachungulia, vijana kama kumi na wawili wanakimbia kupanda mlima, wasichana wanne kati yao, hakuna anayehema. Mimi nahema nikifunga kamba za viatu.

Siku ya pili tukaenda la juu. Mama akatembea mwenyewe, fimbo yake mkononi, dakika arobaini kwenda. Alipofika karibu akavua viatu akatia miguu kwenye mto. Maji baridi kama ya friji. Akakaa hapo muda mrefu, sikumharakisha na kijana hakumharakisha.

Hesabu, kwa wanaouliza: mwongozaji tulipatana shilingi elfu 80 za Uganda sisi wawili, siku mbili, malango yote ndani, na kahawa ndani. Mwisho nikamwongezea. Bei ni ya siku ile na mtu yule, msinishikie.

Kadodi_Kijana
Jumatatu, saa 7:40 mchana

Hao wakimbiaji msiwachukulie poa. Kiprotich wa marathoni ya London 2012, aliyetuletea dhahabu ya kwanza ya Olimpiki tangu Akii-Bua 1972, ni wa mlima huo. Cheptegei vilevile, mita 10,000 Paris 2024. Na Peruth Chemutai ndiye mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki, pale Tokyo. Wote ni majirani wa hao mliolala kwao.

Pia dada, umepita Mbale hujala malewa? Machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na mchuzi wa karanga? Mimi ni Mugisu, nimeumia.

BintiNamakwekwe
Jumatatu, saa 7:52 mchana

Nimelelewa Mbale, kaka, malewa nimeyala kabla hujazaliwa. Mulembe.

Kadodi_Kijana
Jumatatu, saa 7:54 mchana

Mulembe, shangazi. Nimenyamaza. Nishauri kitu kimoja tu kwa wengine: mwaka wa shufwa, kuanzia Agosti, kuna imbalu, tohara ya vijana wa Kigisu. Uzinduzi uko Mutoto, karibu na mji. Ngoma za kadodi zinafunga barabara, ukiwa na haraka ya kufika Sipi utalia. Ukiwa huna haraka, shuka kwenye gari ucheze.

Mzee_wa_Tororo
Jumatatu, saa 2:18 usiku

Nami nina goti. Kwa asiyeweza hata hayo ya juu, kuna kituo cha hifadhi pale Kapkwai, si mbali na Sipi. Njia za msituni zimesafishwa, kuna maporomoko madogo ya Chebonet, na unatembea na askari wa hifadhi. Msitu mnene, kimya, ndege tu. Mimi na marehemu mke wangu tulikwenda huko. Hatukufika mbali, tulikaa kwenye gogo tukala mahindi.

Binti, mama yako alirudi salama? Goti lilivimba?

BintiNamakwekwe
Jumatatu, saa 3:02 usiku

Shikamoo, mzee wangu. Lilivimba siku mbili, akalikanda kwa maji ya chumvi, likatulia. Fimbo ameiegemeza sebuleni chini ya kalenda na wajukuu hawaruhusiwi kuigusa.

Mzee_wa_Tororo
Jumatatu, saa 3:06 usiku

Marahaba. Msalimie. Mwambie afunge goti kabla ya kutembea, si baada.

DerevaWaMalaba
Jumatatu, saa 3:15 usiku

Dada, nina mzigo wa kusubiri mpakani wiki ijayo. Niwekee namba ya huyo gaidi mpole.

BintiNamakwekwe
Jumatatu, saa 3:20 usiku

Namba ya mtu siiweki hadharani. Niandikie faragha, nimpigie kwanza akubali. Na nitamwambia kabisa kwamba anayekuja ni yule wa 2019.

DerevaWaMalaba
Jumatatu, saa 3:22 usiku

Usimwambie.

MwanaSebei
Jumatatu, saa 3:31 usiku

Nimeshampigia. Anasema uje na viatu vya kushika ardhi, zile ndala zako za lorini zibaki lorini. Na anauliza yule mama wa tangawizi atarudi lini, mjane amepanda yake nyuma ya jiko.